Kicheko Hakikuandikwa

Sura ya Saba

Mzee Faustino alikuwa anakula wali na mbaazi kutoka kwenye hotipoti ya buluu, amekaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu aliye kwenye jamvi la kwake. Mahabusu ya pale Ifakara ina harufu yake, ile ambayo ukirudi nayo nyumbani mbwa wako anakubwekea. Mzee hakuijali. Alikula taratibu, akiipapasa pilipili kwa vidole, maana macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na dirisha lenyewe lilikuwa kipande cha dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inspekta, sio? Nimekujua kwa viatu. Wenzako wanaburuta."

Inspekta Minza Mayunga alichuchumaa upande wa pili wa nondo. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa nane mchana gari lingemchukua mzee huyu kwenda mahakamani kusomewa shitaka la kumuua Agapiti, na kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu wa miaka sitini na mitano, nusu kipofu, akishaingia gerezani kungoja upelelezi ukamilike, anaweza kungoja mpaka atolewe amelala. Saa tisa, Agapiti mwenyewe angezikwa Katindiuka. Minza alikuwa na saa sita za kujua kama wanampeleka mtu sahihi.

"Chakula kakuletea nani?"

"Fulgence. Asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja. Mkewe anapika. Rafiki unamjua ukiwa lupango, mwanangu."

Minza aliitazama ile hotipoti asiipende, bila kujua kwa nini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumatatu alfajiri, mama mmoja mkulima, Bernadeta, alikwenda kufungulia maji shambani kwake akamkuta Agapiti ndani ya mfereji, kisogo kimepasuka. Kando, kwenye majani, ilikuwepo spana kubwa yenye herufi F iliyochongwa kwa tupa. Faustino ni fundi baiskeli, na kila mtu Katindiuka anaijua spana ile. Juu ya hayo kulikuwa na maelezo ya shahidi, mzee Fulgence, mwalimu mstaafu wa ufundi na msomaji wa masomo kanisani, mwenye sauti ambayo hata wanywaji huiamkia Jumapili. Alisema alimsikia Faustino, siku mbili kabla, akimwambia Agapiti: nitakuzika mwenyewe, tena kwenye tope.

"Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Sasa ningesema pembeni ingekuwa na maana gani?" Mzee alilamba kidole. "Afande, yule ni Mngoni. Mimi Mpogoro. Babu zake walikuja huku na ngao, wakala mahindi ya babu zangu, na mpaka leo hawajaomba radhi. Ni mtani wangu. Siku ningemwona nisimwambie nitamzika, angenikokota hospitali kupimwa."

"Lakini wiki hiyo ulikuwa umeambiwa ndiye aliyekuuza Ujerumani."

Faustino aliacha kutafuna.

"Ndiyo," alisema. "Hilo nalo lipo."

Akalisimulia tena. Mwaka themanini na mbili vijana watatu wa bonde hili walipelekwa kusoma Ujerumani, ile ya Mashariki, ya ukuta. Faustino alikwenda kujifunza mashine za kukoboa mpunga, Agapiti mitambo ya kiwanda cha sukari, Fulgence ualimu wa ufundi. Maisha yenyewe yalikuwa foleni na mikutano. Unapiga foleni ya kahawa, unapiga foleni ya viatu, na jioni unakaa kwenye kiti cha mbao kuambiwa kwamba foleni hazipo. Ukicheka mahali pabaya, kesho yake unaulizwa ulicheka nini. Machi ya themanini na nne watu wawili wenye makoti ya mvua walimtoa Faustino bwenini akiwa na soksi. Alikaa ndani miezi kumi na minne, kisha wakampandisha ndege, cheti hakuna. Mtu aliyekuwa awe mhandisi wa vinu akaja kuziba pancha miaka arobaini.

"Miaka arobaini sijui ni nani alikwenda kusema. Mwaka huu mpwa wangu wa Dar kaniambia, mjomba, nchi ile ilishakufa, mafaili yao yako wazi, mtu anaomba la kwake anapewa. Akaniombea. Ikaja bahasha nene hivi. Nikafungua, nikakuta ukungu tu. Macho haya."

"Ukampa Fulgence akusomee."

"Nani mwingine? Kijerumani anacho, sauti anayo. Alhamisi akanisomea pale kwenye karakana. Alipofika kwenye mtoa habari akasimama. Akasema imeandikwa, mtoa habari analala kitanda cha juu. Kitanda cha juu alikuwa analala Agapiti. Kasoma mara mbili, akalia, tukalia wote."

"Ukamfuata Agapiti."

"Jumamosi, kilabuni kwa Scolastica. Nikamtolea hadharani. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, we Mpogoro, lete hizo karatasi, miwani mimi ninayo, nizisome mwenyewe. Nikampa. Nikamwambia ukilikuta jina lako nakuzika mwenyewe, tena kwenye tope. Akanijibu nisisahau kujichimbia na la kwangu, lakini liwe pana upande wa masikio. Tukanywea kopo moja." "Mtu unayetaka kumuua hunywei naye kopo moja, afande."

"Na spana?"

"Ilipotea Ijumaa. Nilidhani nimeikalia."

"Ijumaa nani alifika karakana?"

"Wateja. Fulgence. Kuku wa jirani."

* * *

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Mrakibu Lukelo, alikuwa ameshalifunga jalada kwa uzi. Lukelo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda shahidi msafi.

"Shahidi kama huyu nimemtafuta miaka ishirini," alisema, akilisukuma jalada mezani. "Soma. Hujaona maelezo yaliyonyooka namna hii."

Minza alisoma. Fulgence alikuwa ameandika kwa mkono wake, Jumatatu ileile saa tatu asubuhi, kurasa mbili bila kufuta hata herufi. *Jumamosi, saa 12:40 jioni. Umbali kati yangu na wahusika: hatua nne. Mwanga: wa kutosha. Waliokuwepo: tisa, majina hapa chini.* Kisha maneno ya Faustino neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu. Kisha aya kuhusu Ujerumani: *Mimi nilisoma katika mji mwingine na sikuwahi kufika bwenini kwao.* Mwisho, Jumatatu: *Nilifika eneo la tukio saa 1:10 asubuhi. Marehemu alilala kifudifudi, mkono wa kushoto chini ya tumbo.*

Minza alisikia kile anachosikia mtu akikuta unywele kwenye mboga. Unywele hauui. Lakini hamu imekwisha.

"Watu wa hapa hawaongei hivi, afande. Mtu wa Katindiuka ukimuuliza aliona nini, anaanza na alichokuwa anapika."

"Ni mwalimu."

"Walimu ndio zaidi. Niazime zile karatasi za Kijerumani mpaka saa saba."

"Saa nane gari linaondoka," Lukelo alisema. "Likiondoka na yeye yumo, mimi silirudishi."

Karatasi zilikuwa kielelezo namba nne. Mjane wa Agapiti, Paskalina, ndiye aliyezitoa chini ya godoro na kuzileta polisi, na pale kituoni hakuna aliyezifungua, kwa kuwa hakuna aliyejua kuzisoma. Wote walitosheka na alichosema Fulgence kwamba zimesema.

* * *

Sista Dativa alikuwa na miaka sabini na minane na alipata kusoma ufamasia huko kwa Wajerumani, upande ule mwingine wa ukuta. Alimpokea Minza kwenye kibaraza cha nyumba ya masista, kikuza-maandishi mkononi, na akasoma saa nzima bila kusema neno ila "mh" na mara moja "mbwa hawa", kisha akapiga ishara ya msalaba kwa ajili ya hilo.

"Takataka hizi umezitoa wapi, binti?"

"Sista, nitafutie kitanda cha juu."

"Kitanda gani?"

"Panaposemwa mtoa habari analala kitanda cha juu."

"Kurasa thelathini na moja nimesoma. Kuna kiti, kuna dirisha, kuna machungwa. Kitanda hakuna."

Minza aliacha kuandika.

"Mtoa habari wanamwita kwa jina la bandia, Mwewe," Sista aliendelea. "Alipolala hawasemi. Wanasema walichompa. Viatu vya baridi vyenye manyoya ndani, jozi moja. Redio ya kaseti, moja. Ameshukuru."

"Na machungwa?"

"Ngoja ucheke. Au usicheke." Sista alisogeza kioo. "Tarehe kumi na moja Machi, Jumapili. *F. alimwambia A. mbele ya Mwewe: Nitakuzika wewe pamoja na yule mzee wa kwenye picha, maana wote wawili mnakula machungwa peke yenu.* Picha ni ya mkuu wa nchi yao, ilitundikwa kila chumba. Sasa sikiliza tafsiri yao hapa chini. *F. ametamka nia ya kumuua mwanafunzi mwenzake na kiongozi wa dola. Sababu: hana imani na ugavi wa matunda.*"

Sista aliweka kioo chini. Wote wawili walitazama mbele, kwenye migomba.

"Agapiti alificha machungwa mawili," Minza alisema polepole. "Mtani wake akamfumania."

"Basi. Ndiyo kesi nzima. Miezi kumi na minne."

"Imeandikwa popote kwamba walicheka?"

Sista alirudi kwenye ukurasa, akaufuata kwa ukucha mstari hadi mstari. "Hakuna."

"Mjerumani asingejua."

"Mjerumani asingejua. Lakini Mwewe hakuwa Mjerumani, binti. Mwewe alisikia Kiswahili, akakitafsiri. Mtoto wa miaka sita wa bonde hili anajua Mpogoro na Mngoni wakikutana ni matusi na makaburi. Huyu alijua. Alichukua maneno yote, hakupunguza hata moja, akaacha kicheko. Mimi nimefanya kazi ya dawa maisha yangu yote. Ukitoa kitu kimoja kwenye dawa, inabaki sumu."

Minza alikuwa ameyaona mapanga, alikuwa ameona mfugaji aliyepigwa mpaka sura ikapotea. Hakuwahi kuona kitu kichafu chenye mwandiko mzuri namna hii. Na mwandiko wa aina hiyo alikuwa ameusoma asubuhi ileile, kwa Kiswahili, mezani kwa Lukelo.

"Ukurasa wa mwisho huu," Sista alisema, "siyo wa wapelelezi. Ni wa daftari la nyumba. Kila jengo lilikuwa na mama wa ghorofa ya chini, kazi yake kuandika wageni. Nani, anakwenda chumba gani, kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi. Wakachukua nakala, wakaibandika humu. Walikuwa wanabandika kila kitu."

"Jumapili ile ipo?"

"Ipo. Chumba cha Faustino na Agapiti, mgeni mmoja. Kaingia saa tisa, katoka saa kumi na moja na nusu." Aligeuza karatasi ili Minza aone mwenyewe, maana jina halihitaji tafsiri. Fulgence. Jina, ukoo, namba ya pasipoti. "Na hili duara lililolizungushia jina, siyo la Wajerumani. Hiyo ni biki ya juzi. Imekandamiza mpaka upande wa pili."

Minza aligusa duara kwa kidole. Agapiti alikuwa na miwani. Jumapili alisoma, akafika hapa, akakandamiza.

Msomaji hodari wa kanisani aliwasomea watu kitanda kisichokuwepo, kisha akauruka ukurasa huu. Aliuona ni orodha tu ya wageni, ya mama mnene wa ghorofa ya chini. Hakukumbuka kwamba nchi ile ilimwandika kila mtu, hata mbwa wake wenyewe.

"Nakushukuru, Sista."

"Usinishukuru. Nenda ukanawe mikono, na mimi ninawe ya kwangu."

* * *

Scolastica alikuwa anachuja pombe kwenye ndoo alipoiona pikipiki ya Minza. Hakusimama. Mwanamke mwenye kilabu anajua kwamba polisi akija mchana hana kiu.

"Dada Scola, Jumamosi Faustino aliposema nitakuzika, watu walifanyaje?"

"Walifanyaje nini? Walicheka. Agapiti alicheka mpaka meno ya bandia yakadondokea kwenye kopo, ikabidi nimwage pombe nzima."

"Na mzee Fulgence?"

"Huyo ndiye alicheka kuliko wote. Kapiga meza hivi, kaniangushia bilauri."

"Mbona kwenye maelezo yako hakuna?"

"Afande wako aliniuliza Faustino alisema hilo neno, ndiyo au hapana. Nikasema ndiyo. Kicheko hakuniuliza. Mimi nikaona labda siku hizi hakiandikwi."

Minza alivuta kigoda. "Jumapili Agapiti alipita hapa?"

"Jioni, hakunywa. Nilishangaa. Kaniacha na ujumbe, Fulgence akija nimwambie: kesho alfajiri nitakuwa shambani nafungulia maji, aje, nina somo la kumsomesha. Fulgence alipokuja nikamwambia. Akasema sawa, akauliza ni saa ngapi hasa."

"Akauliza saa ngapi."

"Eeh. Yule mzee kila kitu saa. Hata akienda msalani."

* * *

Fulgence alifika kituoni saa saba na robo, shati jeupe limepigwa pasi, hotipoti ya buluu ya pili mkononi. Ameitwa kutia sahihi, ndivyo alivyoambiwa. Lukelo alikaa pembeni, mikono kifuani, baada ya kusimuliwa mambo ya asubuhi nzima na kujibu kwa neno moja: "Endelea."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimemletea mwenzangu chakula. Kama gari linaondoka saa nane, ale kwanza."

"Kiweke hapo. Mzee, maelezo yako ni mazuri sana. Kuna kitu kimoja umesahau."

"Sijasahau kitu," alisema kwa upole. "Lakini sema."

"Walipoambizana kuzikana, watu walicheka?"

"Labda wapo waliocheka."

"Wewe?"

"Sikumbuki."

"Umekumbuka hatua nne, umekumbuka dakika arobaini, umekumbuka watu tisa na majina yao. Ulipiga meza, ukaangusha bilauri ya Scolastica."

Fulgence alitabasamu kama mwalimu kwa mwanafunzi anayejitahidi. "Kicheko siyo ushahidi, binti. Unaandika kilichosemwa. Maoni huweki."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Tabasamu halikuondoka, lilibaki tu pale usoni bila mwenyewe.

Minza alimwekea ukurasa wa daftari la nyumba. Fulgence aliutazama muda mrefu, macho yakiwa kwenye duara la biki. Hakuuliza ni kitu gani.

"Nilipita kuwasalimia. Mara moja. Ni makosa?"

"Uliandika hukuwahi kufika. Na Faustino ulimsomea kitanda cha juu. Kitanda hicho kimeandikwa wapi?"

"Macho yangu nayo yamezeeka."

"Basi tuje kwenye macho yako." Minza alisoma kutoka kwenye jalada. "*Marehemu alilala kifudifudi, mkono wa kushoto chini ya tumbo.* Uliona hivyo?"

"Niliona."

"Ulifika saa moja na dakika kumi. Saa hiyo marehemu alikuwa amelala chali kwenye tuta, amefunikwa kanga ya Bernadeta. Mimi nilikuwepo. Mkuu alikuwepo."

"Basi niliambiwa."

"Na nani? Bernadeta alimgeuza akiwa peke yake, kabla hajapiga yowe. Watu walipofika walikuta ameshamtoa. Tukamleta hapa ulimi umemganda. Mpaka saa tano hakuwa ametoa neno, na neno la kwanza alinipa mimi, kwenye chumba kile: mkono wa kushoto ulikuwa chini ya tumbo, nikadhani ameshika kitu. Wewe uliandika saa tatu, mzee. Saa mbili kabla yake."

Nje mtu alikuwa anasukuma pikipiki isiyowaka.

Lukelo alikunjua mikono. "Mzee Fulgence," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza nzi, "mkono wa kushoto uliuonaje?"

"Aliniita yeye," Fulgence alisema. Hakuwa akimjibu Lukelo. Alikuwa anazungumza na duara la biki. "Aliniambia nitasoma. Jumapili ijayo, kanisani, badala ya somo la kwanza. Kurasa zote, kwa sauti yangu nzuri, mbele ya Faustino na mbele ya mke wangu. Nikamwambia Agapiti, sisi wazee, yamepita. Akacheka. Alikuwa anacheka, binti. Akanigeuzia mgongo kufungua maji huku anacheka."

"Na spana ulikwenda nayo ukiwa umeshaichukua tangu Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa sijui nitaitumia. Niliiweka tu. Mtu huwa na akiba."

Hapo ndipo Minza alipoelewa kwamba hata kama Fulgence asingeitwa shambani, spana ile ingepata kazi siku moja. Alhamisi alimsomea Faustino jina la Agapiti. Ijumaa akachukua spana ya Faustino. Mmoja kati ya wawili wale alitakiwa kwenda kaburini, na mwingine gerezani kwa ajili yake.

"Na miaka ile?" aliuliza. "Faustino alikukosea nini?"

"Hakuna." Alionekana kushangaa kuulizwa. "Walitaka habari kila wiki. Wiki nyingine hakuna habari. Baridi ile hamuijui nyie. Walinipa viatu."

Lukelo alisimama akaenda dirishani.

"Nipe karatasi," Fulgence alisema. "Nitaandika mwenyewe, msije mkakosea."

Minza alimpa. Mzee alivua saa, akaiweka mbele yake, akanyoosha karatasi kwa kiganja. *Jumatatu, saa 11:50 alfajiri,* aliandika. *Umbali kati yangu na marehemu: hatua mbili. Mwanga: hafifu.* Mwandiko haukutetemeka hata kidogo. Alipofika mstari wa tano aliinua kichwa akauliza kama Agapiti linaandikwa kwa herufi kubwa zote au ya kwanza tu, jinsi wanavyopenda wao hapa kituoni.

Minza alitoka nje akasimama bombani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

* * *

Faustino alisikiliza yote akiwa amesimama, ameshika nondo. Hakulia, hakutukana. Alipoambiwa jina aliuliza ni siku ngapi amekaa pale.

"Nne, mzee."

"Mara mbili kwa siku," alisema. "Mara nane."

Akaomba maji. Akasukutua, akatema. Akasukutua tena, akatema. Alifanya hivyo mpaka kopo likaisha, akaomba jingine.

Saa tisa kasoro Minza alimfikisha Katindiuka nyuma ya pikipiki yake mwenyewe. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Watu walipomwona walifungua njia, lakini ilikuwa njia pana mno, kama wanayompa mgonjwa wa kipindupindu. Kwa desturi ya huku, mtani ndiye mwenye msiba siku ya maziko. Anaiba sepetu, anazuia udongo, anamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke. Watani wengine walikuwepo na hawakuwa wamefungua mdomo. Wiki nzima walikuwa wanasikia kwamba kuna mtu yuko ndani kwa neno alilosema kilabuni.

Faustino alipapasa kwa fimbo mpaka ukingoni.

"Mngoni!" aliita kwa sauti kavu. "Nilisema nitakuzika. Umeona? Mwizi wa machungwa wewe. Lala humo, na ukikuta chungwa huko usile peke yako."

Hakuna aliyecheka. Watu walitazama sare ya Minza. Mmoja alitazama saa yake, akarudisha mkono mfukoni haraka, kama aliyeshikwa.

Mjane Paskalina alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Naye ni Mngoni, wa Songea hasa. Aliinua kanga usoni.

"We Mpogoro," alisema, "rudi nyuma hatua moja. Kipofu kama wewe utamwangukia mume wangu, halafu niwazike wawili kwa kitenge kimoja."

Kikaanzia kwa Scolastica, kikaenda kwa Bernadeta, kikazunguka kaburi zima, kicheko cha watu waliokuwa wamekibana tangu Jumatatu. Faustino alicheka mabega yakitikisika, machozi yakimshuka kwenye macho yale ya ukungu, akaokota konzi ya udongo akaitupa.

Paskalina alikuwa bado anamtazama Minza.

"Afande, una daftari hapo?"

"Ninalo, mama."

"Aliyosema huyu, yaandike yote. Kumzika, kuiba, yote." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Halafu chini yake andika kwamba tulicheka."